Sura ya 7: Ganda Kwanza, Mtutu Baadaye

Nyani dume aliyekomaa hufikia kilo 25, na haibi kama mwizi wa usiku. Anakuja saa mbili asubuhi, watoto wakishaenda shule, ameongozana na ukoo wake wote. Wanaanzia kwenye mahindi ya pembeni huku mmoja wao amekaa juu ya kichuguu anakutazama. Kwenye vilima vinavyoizunguka Mwandiga, pale barabara ya kutoka Kigoma mjini inapochepuka kupanda Manyovu na mpaka wa Burundi, hakuna mkulima wa mahindi, mihogo au michikichi asiyemjua. Ngedere naye yupo, mdogo wa kilo tano au sita, mwepesi zaidi na asiye na haya hata kidogo.

Hapo ndipo linapozuka swali la sura hii. Mtu amerithi raifo ndogo kihalali, tuseme BRNO ya Chekoslovakia ambayo baba yake mdogo aliinunua miaka ya 1960. Komeo, kile chuma cha kusukuma na kuvuta, bado linateleza vizuri. Mbao ya kitako haijapasuka. Lakini ndani ya mtutu kutu imekula mikato mpaka risasi zinatua zinapotaka zenyewe. Anataka mtutu mpya, na kwa kuwa mtutu mpya unaweza kuchongwa kwa ajili ya risasi ya aina nyingi tu, ameanza kuota. Amesikia habari za risasi za mafundi wa Marekani, zile ambazo hazikuzaliwa kiwandani bali kwenye karakana za watu binafsi: nyembamba kama kalamu, za nukta 17 na nukta 20 ya inchi, zinazokwenda zaidi ya mita 1,200 kwa sekunde, yaani mara tatu na nusu ya kasi ya sauti.

Namwambia mapema kwamba nyingi ya hizo si zake. Si kwa sababu ni mbaya. Baadhi yake ni miongoni mwa vitu sahihi kuliko vyote vilivyowahi kutoka kwenye mtutu. Tatizo ni kwamba anauliza kuhusu mtutu, na mtutu ndio kitu cha mwisho cha kuamua.

Kwanza sheria, kwa kifupi, maana bila hiyo mengine yote ni porojo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka leseni kwa mwenye silaha, na haimruhusu mtu yeyote mwenye mashine ya kukereza ajifanye fundi bunduki. Mtutu wa kipimo kingine unaifanya silaha isiwe tena ile iliyoandikwa kwenye leseni, kwa hiyo safari ya mtutu mpya inaanzia polisi, haianzii karakana. Nyani naye, hata akiwa amekumalizia shamba, ni mnyamapori chini ya Sheria Na. 5 ya 2009, na mtu wa kwanza wa kumwona ni afisa wanyamapori wa wilaya, yule ambaye wazee bado wanamwita Bwana Nyama. Kisha kuna jambo la Kigoma peke yake: Gombe, hifadhi ya taifa tangu 1968, iko kilomita 16 hivi kaskazini mwa mji, na sokwe hawasomi vibao vya mipaka. Asiyeweza kutofautisha sokwe na nyani kwenye mita 150, kwenye kivuli cha michikichi, hana haja ya kuendelea kusoma.

Sasa tuingie kwenye chuma.

Risasi kamili ina vitu vinne: kichwa kinachoruka, baruti, fataki inayoiwasha baruti, na ganda la shaba nyeupe linaloshika vyote vitatu. Wengi hukitazama kichwa kwa kuwa ndicho kinachofanya kazi inayoonekana. Mafundi hulitazama ganda. Chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu, huchongwa ifuate umbo la ganda kwa vipimo vidogo kuliko unene wa unywele: bega lake liko wapi, shingo yake ina urefu gani, kitako chake kina upana gani. Ganda likiwa fupi kupita kiasi linanyooka na kupasuka, likiwa refu komeo halifungi. Ukishachonga chemba umejifunga na ganda moja, na popote ganda hilo linakopatikana ndiko bunduki yako inakoishi.

Ujiji ya karne ya 19 haikuwa na kifungo hicho. Bunduki zilizopita katika soko lile pamoja na pembe za ndovu, chumvi ya Uvinza na watumwa zilikuwa nyingi za gumegume na za fataki, zile tunazoziita magobore. Gobore linashindiliwa kupitia mdomo wa mtutu: baruti, kitambaa au nyuzi, kisha chochote kizito kinachoingia. Risasi ya plumbamu ikiisha, kipande cha chuma kitafanya kazi. Mtutu ukipanuka kwa kutumika sana, unaongeza kitambaa. Henry Morton Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, msafara wake ulikuwa na Winchester na Henry, bunduki za kisasa za kurudia-rudia, lakini nyingi ya silaha mabegani mwa watu wake zilikuwa za gumegume. Msomaji wa leo anacheka. Asicheke. Winchester ikiishiwa maganda yake katikati ya Unyamwezi inakuwa rungu la bei ghali, na gobore bado linapiga. Ndiyo maana magobore ya kienyeji hayajaisha vijijini hadi leo pamoja na kuwa haramu na hatari kwa anayeyashika: hayategemei kiwanda cha mtu yeyote.

Ganda la shaba lilipokuja, kila bunduki ikapata mama mmoja tu wa kuinyonyesha, na mama huyo akiwa mbali mtoto anakufa. Somo hilo lilifundishwa nchini mwetu kwa ukubwa wa jeshi zima. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza Agosti 1914, askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado wanabeba Mauser ya mfano wa 1871, ya milimita 11, inayotoa wingu la moshi linalomwonyesha adui mahali ulipo. Kombania chache zilikuwa na bunduki mpya ya milimita 7.92. Waingereza wakaifunga bahari. Aprili 1915 meli ya Kijerumani, Rubens, ilipenya hadi ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikapigwa na kuzamishwa karibu na ufuko, na shehena yake ya risasi ikalowa maji ya chumvi. Wapiga mbizi waliziopoa. Kisha ikafuata kazi ya kuchosha ya kuzifungua, kukausha baruti na kuzifunga tena, na nyingi hazikuaminika hata baada ya hapo.

Kigoma yenyewe, mwisho wa reli iliyokamilika mapema 1914, ilipokea mzinga mmoja wa milimita 105 wa manowari ya Kijerumani Königsberg, ukafungwa kwenye meli Goetzen, hii tunayoiita Liemba. Mzinga ulikuwa mzima na meli ilikuwa mpya, ila hesabu ya makombora ilikuwa ya kupungua tu, kwa sababu kiwanda kilikuwa upande wa pili wa bahari iliyofungwa. Na Novemba 1917, kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno huko Ngomano, jambo la kwanza walilofanya askari wake ni kutupa zile Mauser za 1871 na kuchukua bunduki za Wareno. Walizitupa zikiwa bado zinapiga, kwa kuwa maganda yake hayakuwa na pa kutoka tena.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu ndilo litakaloamua. Lakini haki itendeke kwa mafundi wa Marekani, maana walilitatua tatizo hilohilo kwa upande wake wa pili.

Nchi ile ina maganda kama Mwandiga ilivyo na vumbi la kiangazi. Mtu akienda kwenye uwanja wa shabaha anarudi na mfuko wa maganda yaliyotumika, na dukani anauziwa kihalali baruti, fataki na vichwa vya kushindilia upya. Katika wingi huo wazo lilikuja lenyewe: kama ganda hili lina baruti nyingi kuliko kichwa kinavyohitaji, kwa nini nisilibane shingo nikapachika kichwa chembamba zaidi? Baruti ileile, mzigo mwepesi, kasi kubwa. Fundi anahitaji kalibu ya chuma ya kubana shingo, kifaa cha kuchongea chemba mpya, na mtu mwenye mashine ya kukereza. Kwa njia hiyo ganda la .250 Savage lilibanwa hadi nukta 22, likapewa jina na Jerry Gebby mwaka 1937, na kwa karibu miaka 30 kila aliyelitaka alilitengeneza mwenyewe kabla Remington haijalikubali kiwandani mwaka 1965. Leo .22-250 inasukuma kichwa cha gramu 3.6 kwa mita 1,120 kwa sekunde na inauzwa kama sukari. Risasi ya Hornet ndiyo dada mkubwa katika familia hii: miaka ya 1920 Townsend Whelen, G. L. Wotkyns na wenzao waliokuwa karibu na karakana ya jeshi ya Springfield walichukua ganda jembamba la enzi za baruti ya moshi, .22 WCF, wakalipa baruti mpya, na mwaka 1930 Winchester ikaanza kuiuza.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kinapita karibu na kwetu kwa njia ya ajabu. Risasi ya 7.62×39 iliyobuniwa na Wasovieti mwaka 1943 inajulikana katika Maziwa Makuu na kila mtu aliyewahi kukimbia vita. Ni risasi ya AK, iliyomwagika Burundi na Kongo na kuvuka Tanganyika ndani ya mitumbwi. Wasovieti wenyewe waliibana shingo wakapata risasi ya michezo na uwindaji ya nukta 22. Miaka ya 1970 Wamarekani wawili, daktari wa upasuaji Lou Palmisano na fundi Ferris Pindell, wakalichukua ganda hilo, wakasogeza bega lake mbele, wakapata ukoo wa PPC. Mjukuu huyo wa AK, katika kipimo cha milimita 6, akatawala kwa miaka mingi mashindano ya kupiga juu ya meza, yale ambayo matundu matano kwenye karatasi hupimwa kama yamekuwa tundu moja. Ganda lililosababisha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kujaa watu ndilo lililozaa risasi ya wazee wastaafu wanaoshindana kwa nywele.

Baada ya hayo ni rahisi kuamini kwamba kasi na wembamba vinatatua kila kitu. Afrika Mashariki ina makaburi yanayosema vingine. Mwanzoni mwa 1911 George Grey, mtafiti wa madini aliyeifahamu Katanga na ambaye kaka yake Edward alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Uingereza, alikuwa akiwafukuza simba kwa farasi kwenye mbuga za Kapiti, Kenya. Alibeba .280 Ross, risasi ya Kanada iliyokuwa ajabu ya wakati wake kwa kasi. Simba alimjia, Grey akampiga zaidi ya mara moja kwa karibu sana, na vile vichwa vyepesi vikapasuka bila kuingia ndani vya kutosha. Alifia Nairobi kwa majeraha. Nyani si simba, najua. Lakini dume la kilo 25 lenye meno marefu kuliko ya chui, likijeruhiwa na kichwa kilichovunjika juu ya mfupa wa bega, litakwenda kufia kwenye njia wanakopita wanawake wanaochota maji.

Mfano wa upande wa pili ni Walter Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja huko Uganda na baadaye Lado. Aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi ya milimita 7, kipimo ambacho wenzake walikiona cha paa. Siri yake wanaitaja wengi: alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno akajifunza ubongo unakaa wapi, na alitumia kichwa kirefu kizito, gramu 11 na kidogo, kisichopasuka. Sehemu ya pili ya siri husahaulika. Bell aliijaribu .318 ya Uingereza, akaiacha, na sababu kubwa ilikuwa risasi zisizoaminika. Zile za milimita 7 za kiwanda cha DWM cha Ujerumani hazikumwangusha. Mtu huyu ambaye wapenda bunduki humnukuu kutetea vipimo vidogo aliamua kwa ubora wa ganda na fataki. Sitetei uwindaji wake, tembo waliolipia ujuzi huo hawakuulizwa. Natetea kigezo chake.

Tunarudi kwenye BRNO yetu, na hapa ndipo mambo yanapokuwa madogo na ya lazima.

Kama ni ile ZKW 465, bunduki nyepesi iliyotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi miaka ya 1970, basi imezaliwa na Hornet. Ganda la Hornet ni jembamba, lina ukingo kitakoni wa inchi 0.350, na uso wa komeo umechongwa kuupokea ukingo huo. Ganda la .223, risasi inayopatikana katika nchi nyingi, lina kitako cha inchi 0.378 na halina ukingo. Magazini nayo imepimwa kwa urefu wa Hornet. Kuigeuza iwe .223 si kubadili mtutu, ni kubadili komeo, kivuta ganda na magazini, na ukifika hapo umelipa bei ya bunduki nyingine. Nao ukoo wa PPC wenye kitako kinene hauwezekani kabisa. Kama urithi ni Mauser kubwa ya milimita 7.92, komeo lake lenye kitako cha inchi 0.473 litakubali .22-250 bila ugomvi, na ukiitaka kwa nyani utakuwa umebeba kelele na joto la mtutu usivyohitaji. Vipimo vya kasi hiyo hula koo la mtutu mapema, maana baruti nyingi inapita kwenye tundu dogo kama moto kwenye bomba la jiko.

Kwa hiyo, kwa BRNO ndogo, chaguo halisi ni watatu wa nyumba moja.

Wa kwanza ni Hornet yenyewe: kichwa cha gramu 2.9, mita 820 kwa sekunde, nguvu ya juli 975 hivi inapotoka mtutuni. Linganisha na juli 150 au 180 za .22 ndogo ya kupigia ndege, na 1,700 za .223. Kwa nyani ndani ya mita 120, ukiwa umelala au umeegemea mti, inatosha. Wa pili ni .17 Hornet, iliyoanza kwa mafundi, P. O. Ackley akiwa mmoja wao, na kuingia kiwandani kwa Hornady mwaka 2012. Inakwenda mita 1,110 kwa sekunde, lakini kwa kichwa cha gramu 1.3. Kusi ya kiangazi inapovuma vilimani, kichwa hicho kinasukumwa pembeni kuliko mpigaji anavyokadiria. Tundu lake la milimita 4.4 linataka ufito mwembamba wa kusafishia, ambao ukipotea Kigoma hutapata wa kufanana nao sokoni Mwanga wala Kariakoo. Kwa ngedere ni kali mno na kwa nyani dume ni nyepesi. Naiacha.

Wa tatu ndiye anayenifanya niandike sura nzima badala ya mstari mmoja. Mwaka 1940 fundi mmoja wa Marekani, Lysle Kilbourn, alichonga chemba ya Hornet ikiwa na mwili ulionyooka na bega kali. Alichukua risasi ya kawaida ya Hornet ya dukani, akaipiga ndani ya chemba ile, na ganda likavimba kufuata umbo jipya. Lilipotoka lilikuwa na nafasi zaidi ya baruti na kuta zinazodumu kwa kushindiliwa mara nyingi. Aliiita K-Hornet. Sasa tazama uzuri wake kwa mtu wa Mwandiga: chemba ya K-Hornet inapiga Hornet ya kiwandani, kwa kuwa ndivyo ganda lake linavyozaliwa. Kasi inapungua kidogo na hakuna kingine kinachoharibika. Kati ya risasi zote za mafundi ninazozijua, ni chache zenye adabu ya kukubali chakula cha dukani, na hii ndiyo ya ukubwa unaotakiwa.

Je, nimshauri aichonge? Hapana, na sababu ni faida yenyewe. Faida ya K-Hornet inakuja pale unaposhindilia upya ganda lililovimba, na hiyo inadai baruti ya makopo, fataki za kununua moja moja, mizani ya kupima sehemu ya kumi ya greni (greni 15.4 ni gramu moja) na ruhusa ya kuwa navyo. Kwa raia wa kawaida wa Tanzania hiyo si njia ya kutegemea, na kuvisaka kwa mlango wa nyuma ni kosa ambalo mahakama haitaliona la kitaalamu. Bila kushindilia, K-Hornet ni Hornet iliyochoka kidogo. Kuna pia jua. Baruti iliyokaa kwenye mfuko wa shati tangu asubuhi inaungua kwa shinikizo kubwa kuliko ya Ulaya. Ndiyo maana mafundi bunduki wa Uingereza, Rigby, walipobuni .416 yao mwaka 1911 walilifanya ganda liwe kubwa makusudi, shinikizo likae chini na ganda lisigandie chembani nchi za joto. Mafundi wa Marekani hufanya kinyume chake, wanajaza hadi ukingoni. Ganda lililogandia kwenye ubaridi wa Montana ni usumbufu tu, kwenye shamba lenye dume limejeruhiwa ni jambo jingine.

Mwenye nafasi ya kununua bunduki nyingine kabisa, badala ya kuokoa ya urithi, achukue .223. Ni risasi ya mwaka 1964, inapatikana katika maduka ya silaha ya nchi nyingi, na CZ ndogo iliyofuata nyayo za BRNO ile inapigia hiyo. Ila aangalie msokoto wa mtutu, yaani jinsi mikato ya ndani inavyojizungusha. Msokoto wa mzunguko mmoja kwa inchi 12 unapenda vichwa vyepesi vya gramu 3.2 hadi 3.6, ambavyo ndivyo tunavyovitaka. Mitutu ya mtindo wa kijeshi yenye msokoto wa mzunguko mmoja kwa inchi 7 imefanywa kwa vichwa virefu vinavyopenya na kusafiri. Kichwa chepesi chenye ncha laini kikikosa nyani na kugonga udongo mgumu huvunjika vipande, kichwa kigumu kinaruka tena. Katika bonde lenye nyumba kila upande, hiyo ndiyo sababu ya kweli ya kuheshimu risasi ndogo ya kasi, na ningetamani wauzaji waitaje kabla hawajafika kwenye mita kwa sekunde. Hata hivyo hakuna kichwa kitakachokusamehe ukipiga kuelekea juu ya mlima. Risasi ya .223 iliyokosa inaweza kusafiri zaidi ya kilomita tatu, na kutoka kwenye vilima vya Mwandiga kilomita tatu ni kijiji kingine.

Wengine wataniuliza kwa nini nisiseme shotgani na tumalize. Kwa ngedere na kwa kutisha, shotgani ndiyo jibu la shambani, na mlio wake unasikika hadi bonde la pili. Ila nyani wana akili ya hesabu. Wakishajua kwamba risasi zake hazina nguvu zaidi ya mita 40, wanakaa mita 60 na kuendelea kula. Mbwa wawili na zamu ya watu wakati mahindi yanapobeba huokoa magunia mengi kuliko silaha yoyote niliyoitaja, na haviombi leseni.

Kwa hiyo mrithi wetu aagize mtutu wa Hornet, ule ule. Kwenye karatasi ya agizo aandike mambo matatu ambayo muuzaji hatamkumbusha. Kipenyo cha ndani kiwe cha vichwa vya inchi 0.224, kwa sababu mitutu mingi ya zamani ya Hornet ilikuwa ya 0.223 na risasi za leo zimefuata 0.224. Msokoto uwe mmoja kwa inchi 16, wa asili, unaolala vizuri na kichwa cha gramu 2.9. Chuma kiwe cha pua ikiwa fedha inaruhusu, maana masika ya Kigoma ndiyo yaliyoula mtutu wa kwanza, yakisaidiwa na risasi kuukuu ambazo fataki zake ziliacha chumvi ndani. Chumvi hiyo haiondoki kwa mafuta. Huondoka kwa maji ya moto, kisha kukausha, kisha mafuta ya bunduki. Mawese ni ya mboga.

Na kabla hajalipa chochote, aende kwa muuzaji risasi aliyeidhinishwa akaulize kama Hornet ipo, ya kiwanda gani, na kama mwakani itakuwepo. Akijibiwa kwamba haipo wala haijaagizwa, BRNO ipelekwe polisi kuhifadhiwa au kusalimishwa kwa utaratibu, na mazungumzo ya mtutu yaishie hapo.